Nabii Sulaiman alikagua ndege, sisi hata Hudihudi hatumjui

KATIKA Surat an-Naml, kuanzia aya ya 20, Allah (SW) anatusimulia jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka ili tufike kwenye kisa cha Malkia wa Sabaa. Nabii Sulaiman (AS), aliyepewa majeshi ya majini, watu na ndege, alisimama akawakagua ndege. Katika ukaguzi ule akabaini kuwa mmoja hayupo. Hakuwa tai wala mbuni. Alikuwa Hudihudi, ndege ambaye ukimshika anaenea kiganjani. Mfalme aliyepewa ufalme ambao hakupewa mwingine baada yake, alijua kuwa ndege mmoja mdogo amekosekana.

Kisa hiki nimekifundisha kwa miaka kadhaa hapa Kalangalala, mjini Geita, asubuhi shuleni katika somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu na jioni madrasa. Mwaka juzi niliwauliza vijana wa darasa la jioni: nani kati yenu amewahi kumuona Hudihudi kwa macho yake? Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja akauliza kama ndege huyo bado yupo duniani au alikwisha na zama za Nabii Sulaiman. Mwingine akasema huyo ni ndege wa Yemen. Na hawa ni vijana wanaoisoma sura ile kwa tajwidi nzuri, wengine wameihifadhi yote.

Ukweli ni kwamba Hudihudi yupo Tanzania, na yupo katika ukanda wetu huu huu. Ana rangi ya tofali la kuchoma, mbawa zake zina mistari myeusi na myeupe, mdomo wake ni mrefu na umepinda kidogo, na kichwani ana kishungi anachokikunjua kama upepeo kila anapotua. Hutembea chini penye nyasi fupi akidokoadokoa ardhi kutafuta funza na wadudu. Sauti yake ndiyo jina lake: hup-hup-hup. Waarabu wakasikia hudhud, Waswahili tukasema hudihudi. Yupo, anatembea pembezoni mwa mashamba yetu ya mihogo, na sisi tunamsoma kitabuni kama kiumbe wa hadithi.

Hapa ndipo penye tatizo ninalotaka tulijadili. Katika Surat al-Mulk aya ya 19, Allah (SW) anauliza kuhusu wale wasiowatazama ndege walio juu yao, wakizikunjua mbawa na kuzikunja, hali ya kuwa hakuna anayewashikilia angani ila Yeye, Mwingi wa Rehema. Katika an-Nahl aya ya 79 swali linarudi kwa maneno mengine. Katika an-Nur aya ya 41 tunaambiwa kuwa kila mmoja wao anaijua swala yake na tasbihi yake. Na katika al-An'am aya ya 38 tunafahamishwa kuwa ndege ni umma mbalimbali mfano wetu sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Sasa tazama namna aya zile mbili za mwanzo zilivyokuja. Zimekuja kwa swali: hawaoni? Mtu akiulizwa hivyo jibu lake si kuitikia "swadakallahu" kisha kufunga msahafu. Jibu lake ni kuinua kichwa.

Na sisi watu wa Geita tunajulikana kwa kutazama chini. Tangu mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, na hata kabla yake, kijana wa hapa anazaliwa akisikia habari za duara, karasha na zebaki. Anatembea njiani akitafuta jiwe lenye kung'aa. Sisemi kuchimba ni vibaya, riziki ya halali ni riziki ya halali hata ikitoka mita 80 chini ya ardhi. Lakini miti ya matimba ya kuzuilia mashimo na miti ya mkaa inatoka porini, na kwenye matundu ya miti ile mikongwe ndimo ndege wengi wanamotagia. Mti ukianguka, nani miongoni mwetu anajua nani amehama? Sulaiman (AS) alimkosa mmoja. Sisi tunaweza kukosa umma mzima na tusijue.

Ndiyo maana mwaka jana mimi na walimu wenzangu wawili wa madrasa tukaanzisha safari za kutazama ndege. Tulipotangaza msikitini baada ya swala ya Ijumaa, mzazi mmoja alifurahi sana akidhani tunawapeleka watoto uwanja wa ndege wa Chato. Alipoelewa kuwa ni ndege wenye manyoya, furaha ikapungua.

Tulianza karibu, kwa miguu, baada ya Alfajiri siku za Jumapili, hadi pembezoni mwa mji. Hudihudi alipatikana asubuhi ya tatu. Tukaenda pia kutazama furukombe kwenye mwambao wa ziwa upande wa Nkome, ambako ndiko mashua za kwenda kisiwa cha Rubondo huondokea. Rubondo yenyewe, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, bado hatujaimudu.

Safari iliyowafungua vijana macho zaidi ilikuwa ya Shinyanga, kwenye ngitili. Kwa wasiojua, ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya ardhi isilishwe wala isikatwe miti wakati wa masika, ili kiangazi mifugo ipate majani. Nchi ile imeteswa sana. Serikali ya mkoloni ilifyeka mapori kuua mbung'o, yakaja mashamba ya pamba, vikaja vijiji vya miaka ya 1970 vilivyowahamisha watu kutoka kwenye ngitili zao, na mifugo ikazidi. Ikafika mahali Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Wananchi wakarudishiwa desturi yao, wakaacha visiki vichipue vyenyewe, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Miti ilipochipua ndege wakarudi bila kuitwa: watafiti waliokwenda kuhesabu wamekuta aina zaidi ya 100 za ndege katika ngitili hizo.

Niliwauliza vijana wakiwa wamekaa chini ya mgunga: jambo hili linafanana na nini katika Uislamu? Binti mmoja wa kidato cha tatu akajibu: hima. Ndiyo yenyewe. Mtume (SAW) alilitenga bonde la an-Naqi' karibu na Madina liwe malisho ya farasi, na Sayyidna Umar (RA) akatenga maeneo mengine, likiwemo ar-Rabadha. Madina yenyewe ina mipaka ambayo ndani yake miti haikatwi na wanyama hawawindwi. Kwa hiyo mzee wa Kisukuma aliyekataza panga kwenye ngitili yake, na ambaye huenda hajawahi kusikia neno hima, amefanya jambo ambalo sisi tunaojiita wenye Sunna tumelisahau kabisa katika viwanja vya misikiti yetu. Tazama misikiti mingapi mjini ina mti hata mmoja.

Wakati wa likizo ya Desemba tukakodi Coaster mbili kwenda Serengeti. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita hahitaji tena kusubiri kivuko. Tuliondoka usiku, tukaswali Alfajiri njiani, na mapema tukawa kwenye lango la Ndabaka, upande wa ziwa. Watu wengi wanapotajiwa Serengeti wanafikiri simba na nyumbu. Vijana wetu walikuwa na darubini nne, moja kwa kila kundi, na daftari.

Aliyewatoa sauti wote kwa pamoja alikuwa kasuku mdogo wanayemwita cherero. Mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho kama aliyevaa miwani. Wazungu wamempa jina la Fischer, msafiri wa Kijerumani wa karne ya 19. Makazi yake ya asili ni nchi yetu hii, kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, Usukuma hadi Serengeti. Hutagia kwenye matundu ya miti, na mara nyingine huingia kwenye viota vikuukuu vya ndege wengine. Ndege ambaye Allah (SW) amemweka mlangoni kwetu, na katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani. Walisafirishwa kwa makasha hadi Ulaya wakauzwa madukani. Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, lakini kwa baadhi ya umma hizi adhabu ilikuwa imeshatangulia.

Tukaona korongo weupe, kundi kubwa wakila panzi majanini. Hawa ni wageni, wanazaliwa Ulaya. Kwa kuwa hupaa kwa kutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, hawapendi kukatiza bahari, hivyo wengi huzunguka kupitia Uturuki, Sham na Palestina, wakavuka Sinai, wakafuata Mto Nile hadi kwetu. Nikawaambia vijana: ndege huyu amepita juu ya Palestina na hakuna askari wa kizuizini aliyemuomba kitambulisho. Wakacheka, kisha wakanyamaza. Na huko kwenye anga, nani aliyemshika asianguke?

Tumbusi walikuwa juu ya mzoga, na wasichana wawili wakafunika pua. Nikawaeleza kuwa ndege yule anayetuchukiza ndiye msafishaji wa mbuga, na kuwa aina kadhaa za tumbusi wa Afrika sasa zimewekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hasa kwa sababu ya sumu. Mfugaji anatia sumu kwenye mzoga kumlipiza simba aliyekula ng'ombe wake, jangili naye anatia ya kwake, na wanaokufa kwa makumi ni tumbusi. Adhuhuri na Alasiri tuliziswali kwa kukusanya na kupunguza, katika eneo linaloruhusiwa watu kushuka, huku askari wa hifadhi akitulinda. Mbele yetu kwale walikuwa wakichakura vumbi.

Tuliporudi ndipo maneno yakaanza. Kamati ya wazazi inataka safari hizi zisimame, na hoja zao ninaziheshimu kwa sababu wanaozitoa ni watu wanaoipenda dini. Mzee mmoja ninayemwita baba, aliyenifundisha juzuu amma nikiwa mdogo, alinishika mkono nje ya msikiti akaniambia: "Ustadh, haya ni mambo ya Wazungu. Mzungu ameshiba, hana la kufanya, anatazama ndege. Wewe una madrasa haina madawati."

Kuhusu Wazungu, nilimjibu kwa adabu kuwa huku ni kuwapa kisicho chao. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama na ndani yake amewachunguza ndege kwa jicho kali. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki 1405, alipanga wanyama na ndege kwa alfabeti, akaeleza tabia zao na hukumu ya kila mmoja kifiqhi. Naye ni mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, madhehebu ambayo mzee huyo na mimi tunayafuata. Mtu hawezi kutoa hukumu ya ndege asiyemjua. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (RA), iliyomo kwa Abu Daud, Mtume (SAW) amekataza kuuawa viumbe wanne: chungu, nyuki, hudihudi na surad. Huyo surad ni ndege wa jamii ya mbwigu, anayewachoma wadudu kwenye miba awale baadaye. Ikiwa Muislamu hajui hudihudi ni yupi na mbwigu ni yupi, atalitii vipi katazo hilo?

Kuhusu madawati, hoja ni nzito zaidi. Coaster mbili, mafuta na viingilio, hata kwa bei ya mwananchi, ni fedha ambayo fundi seremala angeifanyia kazi. Ninachosema ni kwamba tumezoea kudhani elimu ni kile kinachopatikana kwenye dawati. Ibrahim (AS), alipotaka moyo wake utulie juu ya ufufuo, alielekezwa kwa ndege wanne, kama ilivyo katika al-Baqara aya ya 260. Qabil hakujua la kufanya na maiti ya nduguye mpaka kunguru alipomfundisha. Allah (SW) amewafanya ndege walimu mara kadhaa, na sisi tunaona shilingi ya kuwafuata walimu hao imepotea. Madawati yaje, na safari ziwepo. Mbona maulidi ya mwaka jana hatukuuliza pilau ingenunua madawati mangapi?

Hoja ya mchanganyiko wa wavulana na wasichana siirefushi. Kila kundi lilikuwa na gari lake, na akina mama wanne walisafiri na mabinti. Mwenye pendekezo bora zaidi alilete.

Lipo jambo ambalo wazazi hawakulitaja, na kwangu ndilo kubwa. Katika darasa langu yupo kijana wa miaka 14, simtaji jina. Baba yake alifukiwa na duara akafariki. Kijana huyu alikuwa akitega cherero kwa ulimbo kila alipokwenda kwa bibi yake upande wa Shinyanga, akiwauza kwa mtu anayewauza kwa mtu mwingine. Wengi hufa ndani ya tenga kabla ya kufika sokoni. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata bila kibali, hilo hakulijua, na hata angelijua asingejali, maana kwa fedha hiyo alinunua sare yake na ya mdogo wake. Siku ya Serengeti hakuandika kitu kwenye daftari. Alishika darubini muda mrefu kuliko zamu yake, akiwatazama cherero wawili wakiingia na kutoka kwenye tundu la mti. Jioni garini akaniuliza: "Ustadh, wale niliowauza walikuwa na watoto?"

Nikamsimulia hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud (RA). Masahaba walikuwa safarini na Mtume (SAW). Alipokwenda pembeni, wao waliona ndege mwenye makinda mawili, wakayachukua. Ndege yule akaja akipiga mbawa chini chini juu ya ardhi. Mtume (SAW) aliporejea, hakuna aliyemweleza kilichotokea. Alimtazama ndege, akauliza ni nani aliyemtia uchungu huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hebu zingatia. Alikuwa safarini, ana jeshi na mambo ya umma, na aliweza kusoma uchungu wa mama katika mapigo ya mbawa. Hilo haliwezekani kwa mtu asiye na mazoea ya kutazama.

Lakini mtu asinielewe kuwa ninasema tumpe kijana fatwa kisha tumuache. Kumwambia yatima aache kutega huku sare hana ni kuwahurumia ndege kwa gharama ya yatima. Wala Uislamu haukukataza kila ufugaji. Mtoto Abu Umair alikuwa na ndege wake mdogo, na Mtume (SAW) alikuwa akimtania kwa ajili yake. Kilicho haramu ni mateso na uharibifu. Nilipeleka jina la kijana kwa wanaosimamia zaka, nikieleza kuwa yeye na mama yake wamo katika fungu la mafakiri lililotajwa katika at-Tawba aya ya 60. Wamekubali kumlipia sare na daftari hadi mwisho wa mwaka huu. Mwaka ujao bado haujazungumzwa. Tangu Januari hajategea. Bibi yake ananiambia sasa anapokwenda huko anazunguka porini na karatasi, akihesabu matundu yenye viota.

Wazazi wakiuliza safari imezaa nini, ninacho hicho cha kuwaonyesha: kijana mmoja, na swali alilouliza garini. Sina mizani ya kupimia kati ya hilo na madawati 20, ila najua darasani alikaa nami miaka miwili akiisoma aya ya al-An'am bila kuuliza.

Kamati inakutana Jumapili baada ya Adhuhuri, na nimeombwa nilete hesabu ya safari ijayo. Tunakusudia kurudi kwenye ngitili za Shinyanga, si Serengeti, kwa kuwa pale hakuna kiingilio na gharama inashuka zaidi ya nusu. Darubini moja imevunjika kioo. Kama yupo Muislamu mwenye darubini iliyokaa tu kabatini, atuazime, tutaitunza na kuirejesha.

Wabillahi tawfiq.